Fundi Sionji na Mikono ya Watu

Fundi Sionji alikuwa na kopo lake la chakula, na kopo lile lilikuwa na kufuli. Si kufuli la mchezo la kufungia sanduku la nguo; lilikuwa la shaba, zito, ambalo alilichonga upya ndani yeye mwenyewe, na ufunguo wake ulikaa shingoni mwake kwenye uzi mweusi. Mchana ukifika aliweka chini tupa ya kusugulia vyuma, akanawa mikono, akageuza mgongo ukutani, akafungua kopo, akala wali wake na samaki wake, akafunga tena. Wateja waliomkuta katika shughuli hiyo walidhani ana dhahabu humo.

Kazi yake ilikuwa kufuli na funguo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la viatu na ngazi za jengo la ofisi, upana wake mtu mmoja na nusu, ndani mna mashine ya kuchonga funguo, jiliwa la kubania vyuma lililolowa mafuta, na ukuta mzima wa funguo ghafi zilizoning'inia kwenye misumari. Aliyepoteza ufunguo alimwendea, aliyefungiwa nje alimwita, na aliyemtilia shaka mpangaji mwenzake alikuja kubadilisha kitasa huku akitazama nyuma. Kazi ya namna hiyo humfundisha mtu kwamba dunia nzima inashukiana. Yeye hakuhitaji kufundishwa, alikuja na mtaji wake kutoka nyumbani.

Jina la Sionji alipewa na watu. Akiitwa kwenye nyumba ya mtu kufungua mlango, kazi ikiisha huletwa chai, ndio ubinadamu. Naye akisema, "Asante, sionji." Kipande cha keki, sionji. Chungwa lililokwisha kumenywa, sionji. Hata maji aliyauliza kwanza yametoka wapi. Basi watu nao wakaanza yao: huyu fundi anatuonaje? Mtu anaingia kwako, anavijua vitasa vyako vyote, halafu chai yako haitaki? Wengine walisema ana kiburi, wengine walisema ana masharti aliyopewa huko anakokujua mwenyewe, na wenye huruma walisema maskini ana kisukari, wakamtajia majani ya kuchemsha. Mama mmoja, baada ya chai yake kukataliwa, alimwita fundi mwingine aking'oe kitasa ambacho Sionji alikuwa amekitia asubuhi ile ile. Wao walimshuku, naye aliwashuku, ngoma droo.

Yeye aliwashuku kwa sababu anayoijua. Alipokuwa mdogo alikuwa na mdogo wake wa kiume, mtoto mnene mwenye kucheka hovyo, mlafi wa watu, anayefungua mdomo kwa kila kijiko kilichopita mbele yake. Asubuhi moja mama yao, aliyekuwa akishona magunia kiwandani, alimwacha mtoto kwa shangazi, dada wa baba, amshikie mpaka jioni. Jioni mtoto alirudi amelegea kama kitambaa kilicholowa, anatapika, macho yamemgeuka rangi, na hakumaliza siku ya pili. Shangazi aliapa kwamba alimpa maji yenye asali kidogo kwa kuwa alikuwa akilia, na zaidi ya hapo hakumpa kitu. Mama alisema hakuna mtoto aliyekufa kwa asali. Alisema shangazi hakujaliwa kuzaa, na asiyejaliwa humtazama aliyejaliwa kwa jicho gani, kila mtu anajua. Watu nao, badala ya kunyamaza, wakasema lisemwalo lipo. Baba alijaribu kusimama katikati, akachoka, akaja kufa miaka mingi baadaye bila kusema alikuwa upande gani. Shangazi akafungiwa mlango.

Na yeye Sionji mwenyewe alikuwa ametapikia kwa shangazi zaidi ya mara moja. Alitapikia kwa jirani pia, na shuleni, siku mwalimu alipogawa peremende. Nyumbani kwa mama alikuwa mzima, kwa watu aliumwa. Hesabu hiyo haihitaji shule. Mama akamkalisha chini, akamwambia kikulacho ki nguoni mwako, usile kwa mtu, awe ndugu, awe rafiki, awe mke. Mtoto akalishika neno lile kama ulimbo.

Watu hudhani kumshuku kila mtu ni raha ya wenye akili nyingi. Si raha hata chembe. Alikua hana rafiki, maana mtu usiyekula naye utamjulia wapi? Kwenye arusi alikaa pembeni na kopo lake, akitoka jasho kila sahani ilipopita. Penye msiba alikwenda akiwa ameshiba, akarudi na njaa na sifa mbaya. Kuna siku alizotamani tu kukaa mezani kama mtu, anyooshe mkono, achukue kilichopo, asifikirie. Hakumwambia yeyote.

Alipooa, mambo yakawa mabaya zaidi. Mkewe alikuwa mwanamke mcheshi, mpishi hodari, mwenye kupenda sukari mpaka akikoroga chai kijiko kinasimama chenyewe. Mwezi wa kwanza alipika mchuzi wa nyanya, nyanya zikawa chachu, akaomba sukari kidogo kwa jirani akazipoza kama alivyofundishwa na mama yake. Sionji alilala siku mbili akiwa na ndoo kando ya kitanda. Mama yake Sionji, aliyekuwa akiishi nao, alisimama mlangoni akasema, "Nilikuambia," basi. Sionji akamrudisha mke kwao. Alipokuja kumwomba arudi, baada ya miezi ya kula mayai ya kuchemsha, alimwekea sharti: kila chakula aonje yeye kwanza, mbele ya macho yake. Mwanamke yule alirudi, kwa mapenzi ambayo mimi nisingekuwa nayo, na tangu siku hiyo mpaka mvi zikamwota alikaa mezani kila jioni akionja chakula chake mwenyewe kama mlinzi wa mfalme. Kuhusu sukari, mama mkwe alikwisha kumwambia siku ya kwanza: humu ndani hatuweki sukari. Alidhani ni umaskini, akaona haya kuuliza. Chai yake tamu akawa anainywa kwa jirani.

Siku moja mwanamke asiyemjua alikuja kibandani kwa Sionji, hakuwa na ufunguo wala kufuli mkononi. Alisema anapanga nyumba moja na shangazi yake Sionji. Bibi sasa hatoki chumbani, miguu imevimba, na hospitali wamesema wamefanya walichoweza. Ana ombi moja tu. Mtoto wa kaka yake aje, ale kwake, hata kidogo, watu waone. "Anasema hataki kufa na jina la muuaji," yule mwanamke alisema, akakataa kukaa, akaenda zake.

Machale yakamcheza. Kwa nini sasa? Kwa nini ale, asije tu kumwona? Jioni alimweleza mama yake, na mama, ambaye uzee ulikuwa umempunguzia kila kitu isipokuwa ulimi, akajibu kwamba mwanamke yule anataka kummaliza aliyebaki, amfuate huko aendako. Akaongeza kwamba mtu wa nyumba hii akikanyaga kwa yule, yeye atabeba vitu vyake. Basi Sionji hakwenda. Lakini usingizi ulimpaa, na kazini mawazo yakawa hayapo.

Alikuwa na tabia ya kushika skrubu kwa meno huku mikono yake ikishikilia kitasa. Siku hiyo, akimfikiria shangazi, aliuma skrubu, jino la mbele likameguka. Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye mdomo mrefu. Alimulika, akapekua, akaita wenzake wawili waje waangalie. Mtu wa umri huu, akawaambia huku akicheka, hana tundu hata moja, meno kama yametoka dukani leo. Sionji akafumba mdomo papo hapo. Siku hizi watu wanaibiwa figo, meno watashindwa? Lakini kijana akawa anauliza: sukari unakula? Matunda? Hata utotoni? Kwa nini? Majibu yalipomtoka, kijana akaacha kucheka. Akasema kuna daktari katika hospitali kuu angependa kumwona, mama mmoja bingwa wa magonjwa ya kurithi.

Alikwenda kwa sababu ya udadisi, si kwa imani. Daktari bingwa alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, aliyeuliza polepole na kusubiri majibu. Ukila tamu unajisikiaje? Unatapika, unatetemeka, unatoka jasho baridi? Dawa ya kikohozi ya maji je? Sionji alijibu kwa mkato. Kisha daktari akauliza kama kwao kuna mtoto mchanga aliyefariki wakati anaanza kulishwa.

Sionji alisimama. Nani amemwambia huyu mama? Shangazi alishafika hapa, ndivyo alivyowaza, kila kitu kimepangwa tangu kwa yule wa meno. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango (kibovu, chemchemi yake imelegea, hilo aliliona) pale daktari alipomwambia kwamba huwauliza wagonjwa wote wa namna yake swali hilo, na wengi hujibu ndiyo. Alirudi kukaa. Akakubali kutolewa damu, baada ya sindano kufunguliwa kwenye karatasi yake mbele ya macho yake.

Majibu yalipokuja, daktari alimweleza kwa Kiswahili chepesi. Ini la mtu lina kimeng'enya kinachovunja sukari ya matunda, na sukari hiyo imo pia ndani ya sukari ya mezani na ndani ya asali. Ini lake halina kimeng'enya hicho, na hakikuwahi kuwepo. Sukari ile ikiingia hukwama kwenye ini na kuliumiza, na sukari ya damu huanguka ghafla. Si kisukari, ni kitu kingine kabisa, na ni nadra. Mtoto hukipata pale tu baba na mama wote wawili wanapompa kasoro ile ile, na wao wenyewe hawaumwi wala hawajui. Hilo Sionji alilielewa haraka kuliko daktari alivyotazamia: kuna masanduku ya benki yasiyofunguka mpaka ziingie funguo mbili za watu wawili. Dawa haina, daktari akasema, lakini wali, nyama, samaki, mayai, maziwa, vyote ni vyako, na mtu akijihadhari anazeeka kama wengine. Walio wengi kati ya waliopona utotoni ni wale waliokataa vitamu wenyewe kabla ya mtu kuwaambia. Wale waliokuwa wanapenda kula ndio waliokufa.

Sionji aligeuza ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hakuna aliyewahi kunitilia kitu?"

"Walikutilia sukari, mzee wangu," daktari alisema. "Kwa mapenzi."

Unadhani aliamini? Fundi haamini kufuli mpaka awe amelijaribu kwa mkono wake. Maneno yalikuwa mazuri, yamenyooka, na kitu kilichonyooka sana ndicho kilichokuwa kikimtia wasiwasi. Kesho yake alinunua sukari katika duka ambalo hajawahi kuingia, akachota maji mwenyewe, akachemsha kwa birika lake, akafunga mlango wa kibanda kwa ndani na kuweka komeo, asije mtu akasema mkono wa fulani ulipita hapa. Akatia sukari kwenye kikombe bila kuonea huruma. Ladha yenyewe ilimchukiza, koo likakataa, akalilazimisha mpaka kikombe kikaisha. Halafu akakaa kwenye kigoda chake kusubiri, kama mtu anayemsubiri mwizi.

Mwizi akaja. Tumbo likamkaza, jasho baridi likamtoka mpaka kwenye vidole vya miguu, akatapikia ndani ya ndoo ya vyuma chakavu. Mikono ikaanza kutetemeka, na kwa mikono ile akajaribu kufungua mlango. Komeo alilitoa. Ufunguo haukuingia. Fundi aliyefungua milango ya mji mzima alishindwa na mlango wake mwenyewe, akaanguka chini yake. Muuza viatu alisikia kishindo, akagonga, hakujibiwa, akavunja mlango kwa nyundo ya kugongea visigino. Walipomfikisha hospitali hakuwa akijua jina lake. Wakamtundikia dripu, na daktari mwenye miwani alipokuja, alimwacha apate fahamu vizuri kwanza, ndipo akamgombeza. "Kufuli hujaribiwa. Ini halijaribiwi. Ungekufa, na ungekuwa umejiua mwenyewe kwa ubishi."

Lakini sasa Sionji alikuwa na jambo lisilokwepeka. Mkono ulikuwa wake mwenyewe. Hakukuwa na jirani, wala mke, wala shangazi katika kibanda kile.

Jioni aliyorudi nyumbani mkewe aliandaa chakula, akaketi, akachukua kijiko aonje kama kawaida yake. Sionji akavuta sahani upande wake, akaanza kula. Mkewe akabaki ameshika kijiko hewani. Mumewe alimeza tonge la kwanza, akafungua mdomo kusema neno, na mkewe akamkatiza.

"Usiniombe msamaha leo," alisema. "Ukiniomba leo nitakutukana."

Aliweka kijiko chini, akaenda jikoni, akafungulia maji yakamwagika kwa muda mrefu bila kuosha chombo. Sionji alikula peke yake, na hapo ndipo alipoona aibu ya kweli, ile inayokaa tumboni kuliko sukari.

Mama yake hakuona aibu yoyote. Alipoelezwa habari za ini na kimeng'enya, alisema daktari amenunuliwa. Na nani? Na nani tena! Mwanamke aliyelala kitandani na miguu iliyovimba, asiye na hata wa kumletea maji, amemnunua daktari bingwa, amemnunua wa meno, na pengine skrubu nayo ameilipa. Sionji alicheka bila kupenda. Mama hakucheka. Alisema sukari haijaua mtu, wote wamekula sukari, ila mikono ya watu ndiyo inayoua.

Mkewe alikuwa akikunja nguo pembeni. Kwa miaka yote ile hakuwahi kumjibu mama mkwe, si kwa woga bali kwa adabu. Siku hiyo aliweka shati la mumewe juu ya mengine, akalinyoosha ukosi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mama, kama ni mikono ya watu, sukari ilikukosea nini? Tangu niolewe sijaiona ikiwekwa humu ndani. Hata chai yako wewe mwenyewe unakunywa chungu."

Mama alimtazama mkaza mwanawe, akamtazama mwanawe. Akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango kwa kitasa alichotiwa na mwanawe.

Sionji hakulala vizuri. Alikumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyaona kuwa ni mambo: nyumba za wenzake zilivyokuwa na kopo la sukari juu ya kabati, na kwao hapakuwa nalo, ingawa makopo ya biskuti yalikuwapo, yamejaa vifungo na nyuzi. Mazoea ya kushuku hayachagui. Kwa mara ya kwanza maishani yalimgeukia mama yake, na yeye hakuyapenda hata kidogo, akawa anayafukuza, nayo yanarudi.

Asubuhi mama alitoka akiwa amevaa nguo zake za kutokea. Hakuwa amebeba vitu vyake. "Nipeleke kwa wifi yangu," alisema. Neno wifi lilikuwa halijatoka kinywani mwake tangu mazishi ya yule mtoto. Sionji hakujua kama anampeleka kupatana au kupigana, na njia nzima mama hakumsaidia kujua. Alikaa ameshikilia mkoba magotini, akitazama mbele.

Chumba cha shangazi kilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu unaonuka sabuni ya kufulia. Mlango wake ulikuwa na kufuli la kitoto, la kufunguka kwa kijiti, na Sionji aliona vibaya kwamba mtu wa damu yake amelala miaka yote nyuma ya kitu kile. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo, meza, na dirisha lenye wavu uliotoboka. Shangazi alikuwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Alikuwa amekalishwa na mto mgongoni, na alipoona nani ameingia alisema, "Mwanangu," kisha akaona nani amefuatia, akavuta shuka kifuani. Mama hakukaa. Alisimama karibu na mlango kama mtu aliyekuja kudai ufunguo wake.

Sionji alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alieleza ugonjwa, alieleza funguo mbili, alieleza kikombe chake mwenyewe kibandani na mlango uliovunjwa kwa nyundo ya visigino. Akamaliza kwa lile alilokuja nalo: kwamba hakuna aliyemtilia mdogo wake kitu, ni ini lake tu, na jina la shangazi ni safi, na yeye atalisema hivyo popote patakapohitajika. Alitazamia bibi afurahi. Alikuwa mtaalamu wa kushuku, hakuwa mtaalamu wa kufikiri mtu mwingine atasikia nini.

Shangazi alikuwa akikunja pindo la shuka. "Hiyo sukari," aliuliza, "na asali inayo?"

Sionji alinyamaza. Daktari alikuwa amelitaja hilo waziwazi, naye alikuwa amelipita kwa haraka, akidhani ukweli ukifungua mlango mmoja hautafungua mwingine. Angesema hapana, na angeaminiwa. Lakini mtu aliyeishi akiwinda uongo wa wengine hajui kuusema wake. Ukimya wake ukamjibu bibi.

"Basi ni mimi," shangazi alisema.

"Si wewe, wifi." Mama alikuwa bado amesimama. "Alikuja kwako ameshaharibika. Alilia asubuhi ile, nami nilikuwa nachelewa kazini, nikamtilia sukari kwenye uji ili ale anyamaze. Wiki nzima nilikuwa namtilia. Huyu mkubwa nilipomtilia alitapika, akakataa, nikaona ni deko. Mdogo alimeza. Niliona anavyolegea kila akishiba. Kabla hatujamzika nilishajua ni sukari, nikalitupa kopo."

"Ulijua?" shangazi aliuliza.

"Nilijua."

"Na mimi je?"

Mama alitazama chini, kwenye mkoba wake. "Lawama ningemtupia nani mwingine?"

Ukumbini mtu alikuwa anapiga nguo kwenye sakafu, pa, pa, pa. Sionji alitaka kumkasirikia mama yake, na hasira ikaja kweli, nzito, ya mdogo wake na ya mkewe na ya meza zote alizokaa pembeni. Lakini alipomwangalia alimwona mwanamke aliyekunywa chai chungu maisha yake yote bila kulazimishwa na mtu, na hasira ikakosa pa kukaa. Akakumbuka pia kwamba daktari, alipomuuliza, alikuwa amesema hakuna anayeweza kujua ni kijiko kipi kilichomaliza. Hakulisema. Kwa mara ya kwanza alisikia jambo akaliacha lilivyo, bila kulijaribu.

Shangazi alinyoosha mkono kwenye birika lililokuwa likichemka juu ya jiko dogo kando ya kitanda. Sionji alitaka kumsaidia, bibi akamzuia kwa kichwa, akamimina mwenyewe. "Usiogope," alimwambia. "Humu ndani hamna sukari. Wala asali. Sijaviweka tangu siku ile."

Ilimchukua Sionji muda kuelewa alichosikia. Huyu naye. Hakuna aliyemkataza sukari, hakuna aliyejua kama anainywa au hainywi, na bado miaka yote ile, peke yake nyuma ya kufuli la kijiti, alikuwa akiishuku asali yake mwenyewe.

Alipokea kikombe. Kwa mazoea alikisogeza puani, akatoa ncha ya ulimi, kisha akaurudisha ulimi ndani, akanywa kama watu wanavyokunywa, mpaka chini. Shangazi alimtazama koo kila lilipopanda na kushuka, na kikombe kilipoisha alikichukua, akakifuta kwa ncha ya shuka, akakiweka kando, kisije kikachanganyika na vingine.

Halafu akachukua kikombe cha pili. Akakimimina polepole, akakisukuma mpaka ukingo wa meza, upande wa mlango. Mama hakukisogelea. Alikitazama, na macho yake yakafanya kile yalichozoea kufanya, yakatafuta ndani ya chai.

"Kunywa, wifi," shangazi alisema. "Mimi sijatia kitu."

Mama akavuta kiti, akakaa, akanywa.